Jedwali lenu la wanga limenigombanisha na wifi yangu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na sijawahi kuwaandikia hata mara moja, huwa nikikuta kitu cha kuudhi nanung'unika peke yangu afu nafunga gazeti basi yameisha, ila hili la jedwali la wanga wa kwenye vyakula (ule unaojaa kwenye wali, mkate, viazi na sukari) mlilowatolea wanaotaka kupungua, kwenye ukurasa wa afya, limenishinda. Lile mliloweka kiboksi pembeni mkasema msomaji akate abandike jikoni. Nilikata nikabandika. Wifi yangu naye akakata la kwake akabandika kwake, na hapo ndo balaa lilipoanzia.

Kwanza niseme sina ugomvi na kuhesabu wanga, wala sijaja kuwaambia watu waache. Mi mwenyewe huu ni mwezi wa saba nahesabu, nimepungua kilo 9, sio nyingi za kujitangaza lakini ni zangu na nguo zinasema zenyewe. Kwa hiyo naongea kama mtu aliyeshika mizani ya jikoni na daftari, tena daftari lina madoa ya mchuzi. Ugomvi wangu ni na namba mlizochapa, au niseme vizuri, ni na maneno ambayo hamkuyachapa pembeni ya hizo namba.

Jedwali linasema hivi, nanukuu kama lilivyo: Wali, gramu 100, wanga 28. Mstari wa chini yake: Maharage, gramu 100, wanga 60. Basi. Hakuna neno lingine. Sasa niambieni, mtu anayetaka kupunguza mwili akiangalia hapo ataona nini? Si ataona maharage yana wanga mara mbili na zaidi ya wali? Na wifi yangu ndo alichoona. Akatoa maharage kwenye sahani yake yote kabisa, akaongeza wali, kwa sababu gazeti limesema wali una nafuu. Nilipomwambia wifi hicho kitu hakiwezekani akanivuta mpaka jikoni kwake akaniwekea kidole pale pale, "Wifi, soma mwenyewe, si kimeandikwa?" Na kweli kimeandikwa. Nikanyamaza, maana unabishana vipi na kitu kilichochapwa.

Nikarudi nyumbani nimekasirika, nikatoa mizani. Nikapima maharage makavu gramu 100, nikayaloweka usiku kucha, kesho yake nikayachemsha mpaka yakaiva, nikachuja maji, nikapima tena. Yakaja karibu gramu 250. Kumbe ndo hapo! Ile 60 ni ya maharage makavu, yakiwa bado magumu yanaweza kukung'oa jino. Wanga wake haujaongezeka wala haujapungua sana kwa kupikwa, ni karibu ule ule, ila sasa umetawanyika kwenye gramu 250 maana maharage yamekunywa maji, kwa hiyo gramu 100 za maharage yaliyoiva zina wanga kama 22 hivi mpaka 24, inategemea aina na umeyapika mpaka yamelegea kiasi gani. Na wali je? Mchele mkavu gramu 100 una wanga kama 80. Ukiupika unakuwa mzito karibu mara tatu kwa maji, ndo mnapata hiyo 28 yenu. Yaani mmechukua maharage ya kwenye gunia mkayalinganisha na wali wa kwenye sahani. Namba zote mbili ni sahihi, tena nimezihakikisha, ila zikikaa kwenye jedwali moja bila maelezo zinakuwa uongo.

Tukizilinganisha inavyotakiwa, vyote viwili vimeiva, vyote gramu 100: wali wanga 28, nyuzinyuzi (yale makapi ya chakula yanayolainisha choo) haifiki hata gramu 1, protini chini ya 3. Maharage wanga 22 au 23, na ndani ya huo wanga kuna nyuzinyuzi 6 au 7, protini karibu 9. Mtu mwenye njaa anayejaribu kupungua atashiba na kipi? Hata hakuna haja ya mtaalamu. Na wifi wa watu kaambiwa aache hicho akale kile. Wiki ya pili choo kikawa kigumu mpaka akaanza kutafuta dawa (samahani Mhariri kwa kuleta mambo haya gazetini lakini ndo hali halisi, Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku na ukishatoa maharage na jamii yake hiyo 25 unaitafuta kwa tochi).

Haikuishia hapo. Wifi anaishi na watoto watatu, hana muda wa kupima wali ukishaiva kwenye sufuria ya watu wote, kwa hiyo yake anapika pembeni na anapima mchele kabla, mkavu, gramu 100, anaosha anapika anakula wote. Ni njia nzuri sana na mi ndo naipendelea, kupima kikiwa kikavu hakukudanganyi kwa sababu maji ya kupikia yanabadilika kila siku, leo wali umekuwa bokoboko kesho umekauka. Lakini namba aliyoandika kwenye daftari ni ipi? 28! Kwa sababu jedwali limesema gramu 100 wanga 28. Kumbe amekula 80. Hapo zimepotea gramu 52 kwenye mlo mmoja, na gramu moja ya wanga ni kalori 4, kwa hiyo kalori 208 zimepita bila kuandikwa, na anakula hivo mara mbili kwa siku, 416, kwa wiki ni zaidi ya 2,900. Halafu mizani ikagoma. Unadhani alilaumu jedwali? Alijilaumu yeye. Akaanza yale maneno ya mwili wangu mgumu, sisi ukoo wetu ni wanene, mimi hata maji yananinenepesha. Hiki ndo kilichoniuma kuliko vyote. Mtu amefuata maelekezo yenu neno kwa neno, hakuiba hata kijiko, afu anajiona ana kasoro.

Nije kwenye lile jambo la pili, lile sentensi mliloweka kwa herufi nzito chini ya jedwali kwamba "ukisoma lebo ya pakiti toa nyuzinyuzi ili upate wanga halisi". Nusu yake kweli nusu yake mtego. Kweli ni kwamba nyuzinyuzi haimeng'enywi kwenye utumbo mwembamba kama wanga mwingine, inaenda mpaka chini huko bakteria ndo wanaichezea, inakupa nguvu kidogo sana, na haikupandishii sukari. Kwa hiyo kuitoa kwenye hesabu kuna mantiki. Mtego ni kwamba lebo hazifanani. Pakiti yenye lebo ya Kimarekani inaandika wanga wote, nyuzinyuzi ikiwa humo ndani, kwa hiyo ukitoa uko sawa. Pakiti yenye lebo ya Ulaya inaandika wanga ambao nyuzinyuzi imeshatolewa tayari, na nyuzinyuzi inapewa mstari wake peke yake huko chini. Sasa wewe ukiishika hiyo ya Ulaya ukafuata ushauri wenu ukatoa tena, umetoa mara mbili kitu kilichokwishatoka. Chukulia mkate ule ule mmoja: lebo ya Ulaya itasema wanga 40 nyuzinyuzi 7, lebo ya Kimarekani itasema wanga 47 na kati ya hiyo nyuzinyuzi 7. Jibu ni 40 kwa vyote. Anayefuata gazeti ataandika 33 kwa huu wa kwanza. Njia rahisi ya kujua ni kuangalia mpangilio, kama nyuzinyuzi imeandikwa kwa kuingizwa ndani chini ya wanga na hesabu ya jumla inasema "jumla ya wanga" basi imo, kama iko mstari wake sambamba na wanga basi imeshatoka. Nimeshaona pakiti zenye lebo mbili za nchi mbili kwenye mfuko mmoja, namba hazilingani, na dada mmoja dukani anaapa kwamba kampuni ni matapeli. Sio matapeli, ni sheria mbili.

Afu hizi namba zenyewe tusizifanye kama zimeshuka kutoka mbinguni. Watu wengi hawajui kwamba kwenye majedwali mengi ya vyakula wanga haupimwi kabisa. Wanapima maji, wanapima protini, wanapima mafuta, wanapima majivu yanayobaki ukichoma chakula, wanajumlisha, wanatoa kwenye 100, kinachobaki ndo wanakiita wanga. Ni mabaki! Na zile kalori 4 kwa gramu ya wanga, 4 ya protini na 9 ya mafuta zilitokana na kazi ya Mmarekani mmoja, Wilbur Atwater, miaka ya mwisho ya 1800 huko, ni wastani, sio kipimo cha ndizi uliyoshika wewe. Ndo maana nikiona mtu kwenye apu ya simu anahangaika kama ndizi yake ina wanga 26 au 27 nacheka kimoyomoyo. Ndizi ya wastani ni kama 27, yako ikiwa kubwa imezidi, ikiwa ndogo imepungua, tuendelee na maisha. Kosa la gramu 1 halina maana, kosa la gramu 52 ndo linalovunja dayati ya mtu.

Lingine ni ile ahadi yenu kwenye makala hiyo hiyo, "punguza kilo 3 wiki ya kwanza". Mhariri, mi nilipunguza kilo 3 na nusu wiki ya kwanza, nikapiga picha, nikatuma kwa ndugu wote, nikajiona bingwa. Hakuna aliyeniambia kwamba nyingi ya hizo ni maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, kwa mtu mzima ni kama gramu 500 hivi, na kila gramu ya hiyo akiba inakaa na maji kama gramu 3 pamoja nayo. Ukikata wanga akiba inatumika, maji yanatoka, na insulini (homoni ya mwili inayoshusha sukari kwenye damu) ikishuka figo nazo zinatoa chumvi na maji zaidi, ndo ule mkojo wa kila saa siku za mwanzo. Kilo 2 zinaondoka hivi hivi bila mafuta kuguswa. Sio mbaya, ila mtu ajue. Kwa sababu mimi mwezi wa pili nilienda kwenye sherehe, nikala wali, nikala keki, kesho yake mizani ikaonyesha nimeongezeka kilo 2, nikalia. Nililia kweli, mama mzima. Sasa ningejua ile hesabu ningeketi nikajiuliza: kilo moja ya mafuta ya mwili ni kama kalori 7,700, kwa hiyo kunenepa kilo 2 za mafuta kwa jioni moja ningetakiwa nile kalori zaidi ya 15,000 juu ya zile za kawaida. Keki gani hiyo? Ilikuwa akiba imejaa tena na maji yake. Siku nne baadaye ikashuka yenyewe. Lakini kuna wenzangu wengi waliacha kila kitu siku ya kwikwi kama ile, na makala yenu ndo iliyowaandalia kuanguka kwa kuwaahidi kilo 3.

Na mafuta hamkuyagusa kabisa. Jedwali limeweka mafuta ya kupikia, wanga 0, mkaweka na tabasamu pembeni, lile la kijani. Nilivyoliona nikasema jamani! Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kama kalori 120, na wanga ni sifuri kweli, ila kitambi hakisomi safu ya wanga peke yake. Mwezi wa tatu na wa nne mi niligota kabisa, gramu za wanga ziko safi, 100 kwa siku, siku nyingine 90, mizani haisogei. Nikaja kugundua kosa ni karanga. Nilikuwa na bakuli la karanga mezani, nikipita nachota, kwa sababu gramu 100 za karanga zina wanga 16 tu na nusu yake ni nyuzinyuzi, nikajiona mjanja. Gramu 100 hizo zina kalori zaidi ya 560. Ni sawa na kula wali zaidi ya gramu 400, sahani iliyojaa, kwa kupita pita tu. Baba watoto alikuwa ananiangalia anacheka, anasema mbona wewe hesabu zako haziingii mezani pale. Nikamnunia siku mbili, alikuwa sahihi.

Maana tuseme ukweli kuhesabu wanga kunafanya kazi kwa njia ya kuzunguka. Ukihesabu wanga utajikuta umeacha soda, umeacha biskuti, umeacha sukari ya vijiko vitatu kwenye chai, umepunguza mlima wa wali, na hivo ndo vilikuwa vinakuletea kalori nyingi bila kushiba. Soda ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai, wakati Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu za siku na ikiwezekana iwe chini ya 5, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 25. Soda moja imeshapita. Kwa hiyo mtu akiacha soda mbili kwa siku anapungua na anasema wanga ndo adui. Sawa, simkatalii, ila jedwali lenu linaweka soda na maharage kwenye kapu moja la rangi nyekundu na hapo sikubali. Kuna utafiti wa chuo kikuu cha Stanford uliotoka mwaka 2018, waliwachukua watu 609, nusu wakapunguza wanga nusu wakapunguza mafuta, mwaka mzima, na wote wakaambiwa wale mboga kwa wingi na waache sukari na vyakula vya viwandani. Wa wanga walipungua wastani wa kilo 6, wa mafuta kilo 5.3, tofauti hiyo haina uzito kitakwimu, yaani inaweza kuwa bahati tu. Na kila upande walikuwepo waliopungua sana na walikuwepo walioongezeka. Kwa hiyo anayependa kuhesabu wanga ahesabu, asiyependa asitishwe kwamba bila hivo hatapungua.

Kwanza yule mzee aliyefanya jambo hili la kupunguza wanga lijulikane hakuhesabu gramu za wanga. William Banting, fundi wa majeneza na mazishi wa London, alikuwa mnene mpaka ananyimwa raha ya kushuka ngazi, daktari akamwambia aache mkate, sukari, viazi, bia, akapungua, na mwaka 1863 akaandika barua kwa umma kuelezea, barua kama hii yangu tu ila yake ilisomwa. Mpaka leo Waswidi neno lao la kupiga dayati limetokana na jina lake. Na alikuwa anakunywa divai kila siku, hiyo hawaisemi sana.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu hasa sio wifi wala karanga zangu. Ni baba mkubwa. Baba mkubwa anachoma insulini, na nilipomtembelea nikakuta jedwali lenu limebandikwa kwenye mlango wa friji yake, binti yake kamkatia kwa nia njema kabisa. Mhariri sijui kama mlifikiria hili. Hesabu ya wanga kwetu sisi wa kitambi ukikosea unachelewa kupungua, unanuna, basi. Kwa mwenye kisukari wa kuchoma sindano hesabu hiyo ndo inayompa kipimo cha dawa. Wengine wanahesabu kwa mafungu ya gramu 15, wengine gramu 10, daktari kampangia kwa fungu hili uniti kadhaa (uniti ndo kipimo cha insulini). Chukulia mtu aliyepangiwa uniti 1 kwa kila gramu 10, ni mfano tu kila mtu ana yake. Akipakua gramu 100 za maharage yaliyoiva akaangalia jedwali lenu akaona 60, atachoma uniti 6. Alichokula ni wanga 22, na humo kuna nyuzinyuzi. Alitakiwa kuchoma 2 au pungufu. Zile nne za ziada zinaenda kushusha sukari ambayo haipo, jasho linamtoka, mikono inatetemeka, anachanganyikiwa, na kama yuko peke yake usiku anaweza asiamke. Nilimuuliza baba mkubwa, hili karatasi umeshalitumia? Akasema "Bado mwanangu, nilikuwa nasubiri miwani mpya." Miwani! Yaani kilichomuokoa ni kwamba hakuweza kusoma maandishi yenu madogo. Nikalibandua mwenyewe nikaondoka nalo, na nikamwambia binti yake waende kliniki wapewe orodha yao.

Na sio insulini peke yake, kuna wanaomeza vidonge vya kisukari vya kushusha sukari ambao wakikata wanga ghafla bila kupunguziwa dawa sukari inaporomoka, na kuna aina nyingine ya vidonge ambavyo ukichanganya na kukata wanga sana vinaweza kuleta asidi kwenye damu hata kama sukari ikipimwa haionekani kubwa. Wajawazito na wanaonyonyesha nao hawatakiwi kukurupuka. Makala nzima ukurasa mzima haikuwa na mstari mmoja wa kusema anayetumia dawa amuone daktari kwanza. Ilikuwa na picha ya msichana mwembamba anacheka na saladi.

Ninachoomba sio kikubwa. Chapeni jedwali upya, ukurasa ule ule, ukubwa ule ule, sio kale kakona ka "masahihisho" chini ya matangazo ya vifo ambako hakuna anayesoma. Kila chakula kinachobadilika kwa maji, mchele, tambi, maharage, dengu, muwekee safu mbili, kikavu na kilichoiva. Nyuzinyuzi iwe na safu yake na mseme wanga mliouandika unaijumuisha au hauijumuishi. Wekeni na kalori, hata kwa herufi ndogo, ili yule tabasamu wa kijani kwenye mafuta aone haya. Na ule mstari wa dawa uwe juu, sio mwisho. Kama nafasi ni ndogo toeni picha ya saladi.

Na kama mnataka ushauri wa mtu aliyekaa na mizani miezi saba, waambieni wasomaji hawahitaji kupima kila kitu maisha yote. Nyama, samaki, mayai na mboga za majani mi sipimi kwa wanga, zina kidogo sana au hakuna. Napima vitu vitano tu, wali, viazi, mkate, maharage na tambi, tena siku hizi napima mara moja moja kuangalia kama macho bado hayajaanza kudanganya, kwa sababu yanadanganya, baada ya mwezi kijiko cha wali kinaanza kuota mlima juu. Natumia sahani ile ile na upawa ule ule. Viazi vya kuchemsha ukikumbuka kwamba gramu 100 ni wanga kama 20, kipande cha mkate kama 15, kikombe cha maziwa kama 12, kijiko cha chai cha sukari 4, umeshamaliza sehemu kubwa ya siku yako bila apu wala kalkuleta. Asali msidanganywe kwamba ni dawa, kijiko cha chakula ni kama 17.

Wifi nimeshamueleza yote haya, nimempelekea na maharage niliyopima, kavu kwenye kikombe hiki na yaliyoiva kwenye kikombe hiki. Akaangalia, akaangalia jedwali, akaniambia, "Wifi, nakuamini, lakini gazeti je?" Kwa hiyo anawasubiri nyinyi. Karatasi lake bado liko ukutani, ila nilipokuwa naondoka nilichukua kalamu ya mtoto nikaandika pembeni ya maharage kwa herufi kubwa: MAKAVU.

Ni mimi,
Mama mwenye mizani, msomaji wenu